Mkaguzi wa Afya Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wizi Hospitalini na Mateso ya Wagonjwa

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Kuna vijana wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na ISTM (chuo cha ufundi wa tiba) wanaotaka kufanya kazi ya ukaguzi. Kuna pia familia ambazo mgonjwa wao ameibiwa, ametukanwa, amepigwa au amezuiliwa kitandani. Ninawajibu wote mahali pamoja, kwa sababu kijana asiyejua kumsikiliza mgonjwa hataiweza kazi hii, na mgonjwa asiyejua tunavyofanya kazi hupoteza ushahidi wake mapema.

Mkaguzi wa afya anafanya kazi gani hasa?

Anaangalia kama sheria inafuatwa mahali watu wanapotunzwa: hospitali kubwa, kituo cha afya cha kartie (mtaa), kliniki ya mtu binafsi, duka la dawa, maabara. Anaangalia kibali cha kufungua, diploma za wafanyakazi, dawa, bei zinazotozwa, hesabu ya pesa, na jinsi wagonjwa wanavyotendewa. Kinshasa kuna Ukaguzi Mkuu wa Afya, na kila jimbo lina ukaguzi wake, ule tunaouita IPS. Msingi wa sheria ni sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu upangaji wa afya ya umma.

Wengi wanachanganya IPS na DPS. Divisheni ya afya ya jimbo, yaani DPS, inaziongoza na kuzisaidia zoni za afya, yaani maeneo ambayo jimbo limegawanywa kwa ajili ya huduma za afya. Sisi tunakagua. Hatuko peke yetu: ACOREP inasimamia dawa, IGF inafuata pesa za serikali, na jambo likiwa kosa la jinai linakwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka.

Wizi wa pesa na mateso ya wagonjwa vinahusianaje? Mbona vinawekwa pamoja?

Kwa sababu mara nyingi ni jambo moja. Chukua chupa za artesunate zilizoletwa kwa ajili ya watoto wenye malaria kali. Zikitoka stoo kwa mlango wa nyuma, mtoto aliyeletwa usiku akitetemeka ataandikiwa dawa hiyohiyo, na mama yake ataambiwa akainunue ng'ambo ya barabara. Akiwa na pesa ya chupa moja, mtoto atachomwa chupa moja. Kwenye karatasi huo ni upungufu wa stoku. Kitandani ni mtoto aliyepewa dawa nusu.

Ndiyo maana nawaambia vijana: ukikuta hesabu za duka la dawa la hospitali zimeharibika, usimalize kazi pale dirishani. Ingia wadini, uliza nani alikosa dawa wiki ile. Na ukimkuta mgonjwa aliyetendewa vibaya, rudi kwenye hesabu. Karibu kila mara kuna pesa karibu na mateso.

Ni wizi gani mnaoukuta zaidi?

Kwanza, dawa za bure zinazouzwa. Chanjo ni bure. Dawa za kifua kikuu ni bure, na za kupunguza makali ya VVU ni bure, kwa sababu zimelipiwa na serikali pamoja na wafadhili kama Global Fund na Gavi. Mtu akikuuzia, anakuibia, hata akikupa risiti.

Pili, wagonjwa hewa. Miradi kama PDSS, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ililipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika: uzazi mara ngapi, wagonjwa wangapi, chanjo ngapi. Mpango huo una faida yake, na nimeona vituo vilivyopata magodoro na taa kupitia njia hiyo. Lakini ukilipa kwa idadi, kuna atakayetunga idadi. Kwa hiyo ziliwekwa jumuiya za kartie zinazokwenda nyumba kwa nyumba na orodha mkononi: je, mama fulani anaishi hapa? Alijifungulia kituoni? Alilipa kiasi gani? Kazi ya jumuiya hizo haisifiwi vya kutosha. Mama mmoja anayeijua avenyu yake vizuri anagundua mgonjwa hewa haraka kuliko kompyuta.

Tatu, na hapa Lubumbashi inajulikana, ni boni ya hospitali, karatasi ya mwajiri inayomwezesha mfanyakazi kutibiwa bila kulipa mwenyewe. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na familia yake. Kampuni za migodi zinaingia mkataba na kliniki, mfanyakazi anakwenda na boni, na mwisho wa mwezi kliniki inatuma fakitire, yaani hati ya madai, kwa kampuni. Mtu amekwenda kwa mafua. Kwenye fakitire ana typhoid, ana siku nne za kulazwa na picha mbili za eksirei. Mfanyakazi hajui chochote kwa sababu hakutoa hata franka moja mfukoni. Halafu kampuni inaona matumizi yamezidi, inapunguza orodha ya dawa, na mtoto wa mfanyakazi mwingine ananyimwa matunzo anayostahili. Ukitumia boni, soma unachosaini. Usisaini boni tupu kamwe, hata kama mhudumu ni jirani yako.

Kuna pia diploma za kughushi, dawa zinazoingizwa kimagendo kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei za mdomoni zinazobadilika kulingana na viatu vya mgonjwa. Bei inapaswa kubandikwa ukutani, mahali inaposomeka. Kituo kisicho na bei ukutani ninakiandika kabla hata sijakaa.

Mnajuaje kwamba rejista imetungwa?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo kiini cha ufundi wetu.

Rejista ya kweli ina uchafu wake. Imeandikwa na muuguzi wa asubuhi, kisha wa usiku, kwa kalamu tofauti na mwandiko tofauti. Kuna jina limekatwa likaandikwa upya. Kuna doa la betadine. Jumapili wagonjwa ni wachache, Jumatatu wanajaa. Mvua zikianza malaria inapanda. Rejista iliyotungwa imeandikwa kwa utulivu: wiki nne, kalamu moja, mkono mmoja, mistari imenyooka. Ukitazama safu ya uzito, watoto wote wa malaria kali wana kilo 12. Ukitazama safu ya anwani, kila mtu anatoka kwenye avenyu tatu zilezile.

Baada ya macho, tunalinganisha. Rejista ya wagonjwa inasema watoto kadhaa walichomwa artesunate. Fishi ya stoku, yaani kadi ya dawa zinazoingia na kutoka, inasema chupa kadhaa zilitoka. RUMER, ile rejista ya matumizi ya dawa na mapato, inasema pesa kadhaa ziliingia. Ripoti ya SNIS (mfumo wa taifa wa takwimu za afya) iliyopelekwa zoni ya afya inasema namba nyingine. Karatasi hizi nne ni za tukio moja, kwa hiyo zinapaswa kukubaliana, au angalau tofauti yake iwe na maelezo. Mtunzi wa uongo anarekebisha moja, kwa kawaida ile anayojua itaangaliwa, na kuzisahau tatu.

Kisha tunakwenda kwa watu. Unachagua majina machache bila utaratibu, unatafuta nyumba. Fika kwa adabu, bila jipu ya serikali mlangoni, usiseme kwa sauti barabarani kwamba mama fulani alikuwa hospitalini. Majirani wana masikio, na kuna magonjwa yanayovunja ndoa.

Shemeji amejifungua kwa upasuaji, hatuna pesa yote, hospitali inamkataza kutoka. Wana haki?

Hawana. Deni ni deni, linadaiwa kwa njia za madeni: maandishi, malipo ya kidogo kidogo, na ikishindikana, mahakama. Kumfungia mtu ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Adhabu kinamwadhibu anayemzuilia mtu kiholela kwa nguvu, hila au vitisho, na adhabu ni kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Congo pia imejiunga tangu 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba.

Najua upande wa pili. Hospitali nyingi zetu zinaishi kwa pesa ya wagonjwa. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka bila mshahara wa serikali, akitegemea prime, yaani posho, inayotoka kwenye sanduku lilelile. Mkurugenzi akiwaachia wote wasiolipa, mwezi ujao hana glavu. Hiyo ni shida ya kweli, nami siwezi kuitatua kwa PV, yaani hati rasmi ya uchunguzi. Lakini sitakubali itatuliwe na mama mwenye mshono tumboni, anayelala chini kwenye korido kwa sababu kitanda kimepewa anayelipa, mtoto mchanga amefungwa kwenye kitenge, na mlinzi amekaa mlangoni na orodha ya majina. Orodha hiyo ya mlangoni, ndugu, ndiyo ushahidi wa kwanza ninaoutafuta. Hospitali nyingi zinazoniambia "hatumzuii mtu" zinayo.

La kufanya: mwambie msimamizi, kwa upole na mbele ya shahidi, kwamba familia inakubali kuandika deni na kulilipa kwa awamu. Akikataa, nenda ofisi kuu ya zoni ya afya, kisha IPS. Mkihofia maisha ya mama au mtoto, nendeni moja kwa moja parke. Uliza pia kuhusu mpango wa uzazi bila malipo, ulioanzishwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 na kupelekwa majimboni kwa awamu. Mwulize daktari mkuu wa zoni kama kituo chenu kimeingizwa.

Na maiti ikizuiliwa?

Peleka malalamiko kwa njia hiyohiyo. Deni linawahusu walio hai.

Muuguzi amemshika mgonjwa kingono, au amemdai tendo ili amtunze. Twende wapi?

Hospitali nyingine, leo hii, kabla ya ofisi yoyote. Kwa aliyebakwa, dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Asioge, asifue nguo alizovaa. Ziwekwe kwenye karatasi au mfuko wa khaki, si wa plastiki. Kisha polisi, kwenye kitengo kinacholinda watoto na kupambana na ukatili wa kingono, au parke.

Sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni kali kuhusu jambo hili, na watu hawazijui vya kutosha. OPJ, yaani ofisa wa upelelezi wa jinai, akipata kesi anapaswa kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Uchunguzi wa awali hauzidi mwezi mmoja. Mwendesha mashtaka au hakimu anapaswa kuomba daktari na mtaalamu wa saikolojia. Na kesi haimalizwi kwa faini ya maelewano. Kwa hiyo mzee wa kartie, mchungaji au mkurugenzi wa hospitali akikuletea mbuzi na bahasha ili "tuyamalize kifamilia", mjue hana mamlaka hayo. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ameolewa.

Msiseme kwamba mambo haya hayatokei kwa watu wa misaada. Tume huru iliyoundwa na WHO ilitoa ripoti tarehe 28 Septemba 2021 kuhusu mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa nchi yetu: ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Wanawake waliahidiwa kazi. Mganga aliyevaa vesti ya shirika kubwa anakaguliwa kama mwingine.

Daktari akisema "siri ya kazi", mnafanya nini?

Tunaiheshimu pale inapomlinda mgonjwa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Adhabu kinaadhibu anayetoa siri za wagonjwa, na sisi pia kinatufunga. Lakini siri ni ya mgonjwa, haikuwekwa kwa ajili ya sanduku la pesa. Fishi ya stoku, kitabu cha mapato, orodha ya mlangoni: hakuna siri ya kazi humo. Nikihitaji fishi ya mgonjwa, ninamtafuta mgonjwa mwenyewe na kumwomba ruhusa. Wengi wanakubali kwa furaha. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mkaguzi anaweza kumfunga mtu? Anaweza kutoza faini?

Mkaguzi aliyepewa hadhi ya OPJ na kuapishwa anaweza kuhoji, kukamata vitu na kuandika PV, ndani ya mambo yanayohusu kazi yake tu. Katiba, kifungu cha 18, hairuhusu mtu kushikwa zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Kufungulia mashtaka ni kazi ya parke. Makosa ya maadili yanakwenda pia kwa Ordre ya madaktari, yaani baraza lao la taaluma, ambayo ipo tangu 1968, au Ordre ya wauguzi iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Faini ya serikali inalipwa benki, kwa noti ya malipo, na unabaki na karatasi. Anayekuomba faini mkononi, hata akiwa na beji, mkatae na umwandike jina. Hilo ndilo linalotuua: mkaguzi mmoja anayepita kwenye maduka ya dawa ya soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, kila Ijumaa kuchukua "maji" anaharibu kazi ya ofisi nzima kwa mwaka.

Nimesikia Marekani wana kikosi maalum cha kazi hii. Ni kweli?

Ni kweli. Marekani kuna bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, Medicaid. Sheria ya mwaka 1977 iliwezesha kila jimbo kuwa na kitengo cha kuchunguza watoa huduma wanaoiibia bima hiyo, na vilevile mateso na kutelekezwa kwa wagonjwa hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Leo vitengo ni 53: majimbo yote 50, mji mkuu Washington, Puerto Rico na visiwa vya Virgin. Serikali kuu inalipa asilimia 75 ya gharama.

Mambo mawili yao nayatamani. Kitengo lazima kitengwe na ofisi inayoendesha Medicaid, ili anayelipa asijichunguze mwenyewe. Tena lazima kiwe na wanasheria, wakaguzi wa hesabu na wapelelezi chini ya paa moja. Kwetu daktari yuko IPS, mtu wa hesabu IGF, mwanasheria parke, na faili linatembea kati yao kwa pikipiki. Likifika, shahidi amehamia Kolwezi.

Wakubwa wanaguswa kweli?

Mara chache, lakini imetokea. Mwezi wa Machi 2020 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, daktari Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi ngumu kwa kufuja zaidi ya dolari 400,000 za kupambana na Ebola. Yeye alikana. Mimi ninachokisisitiza kwa vijana ni kwamba kesi ya waziri na ya mtunza stoo zinajengwa kwa vifaa vilevile: nani alisaini, pesa ilitoka lini, na kilichonunuliwa kiko wapi.

Nisome nini ili niwe mkaguzi?

Udaktari, ufamasia, uuguzi, maabara au usimamizi wa hospitali ndiyo milango ya kawaida. Shule ya Afya ya Umma ya UNILU inasaidia sana, hasa takwimu. Ongeza uhasibu wa msingi na uandishi wa PV. PV iliyoandikwa vibaya inaua kesi nzuri. Utaingia chini ya sheria namba 16/013 ya 2016 ya wafanyakazi wa serikali, na huenda ukasubiri muda mrefu kabla jina lako halijaingia kwenye listi ya mishahara. Jipange kwa hilo kabla, pamoja na mke au mume wako, kwa sababu bahasha ya kwanza ya rushwa itakuja katika mwezi mgumu kuliko yote, na atakayeileta anaujua mwezi huo.

Juu ya hayo, jifunze lugha za wagonjwa. Bibi wa Katuba atakueleza kwa Kiluba au Kibemba jambo ambalo kwa Kifaransa angelifupisha kuwa "ça va".

Nataka kushtaki. Nilete nini, na je, naweza kuficha jina?

Jina unaweza kuficha wakati wa kutujulisha. Habari isiyo na jina inatosha kutupeleka kukagua. Mbele ya mahakama ni vigumu zaidi, kwa hiyo tuambie mapema unachohofia, hasa kama mgonjwa bado amelazwa palepale. Tunaweza kusubiri atoke kwanza.

Leta kila karatasi: risiti, ordonansi, boni, fishi, hata kipande kilichoandikwa bei kwa kalamu bila muhuri. Kipande hicho kina thamani kubwa, kwa sababu mwandiko una mwenyewe. Maboksi na chupa tupu za dawa mlizonunua msizitupe; namba ya loti iliyo pembeni inaweza kutuonyesha dawa ilitoka stoo gani. Andika tarehe, saa, wadi, namba ya kitanda, na majina ya wagonjwa waliokuwa vitanda vya jirani. Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Ukipiga picha, piga makaratasi na bei za ukutani, usipige sura za wagonjwa wengine. Usibishane na muuguzi wa zamu kabla hatujafika, maana rejista inaweza kubadilishwa usiku uleule. Huhitaji kulipa chochote kwa kupokelewa, na ukiacha barua ofisini, dai nakala yenye muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea.